Vyuma vya Upande Mkavu

Machi 6
Tumemzika baba mkwe. Mvua ilianza kabla kaburi halijafukiwa, wachimbaji wakaharakisha kama watu wanaowahi nguo kwenye kamba. Nimeamua kuandika kwa sababu katika nyumba hii kila mtu humeza maneno yake, na mimi yangu yakinikaa tumboni naumwa. Mama mkwe alilia mara moja, kwa sauti kubwa, akamaliza, akauliza nani amefunika kuni. Mdogo wa mume wangu, fundi baiskeli ambaye kila mtu humwita Spoku, alikuwa akilia na kucheka kwa zamu. Mbele ya wageni akasimulia jinsi marehemu alivyowahi kumkimbiza na mwiko mpaka mtoni. Nilimwona hana adabu.

Kinu kimesimama. Lango la maji limefungwa tangu siku ile mzee alipozidiwa. Tangu niolewe hapa ni nadra niamke bila kusikia gurudumu likizunguka nyuma ya ukuta, na ukimya huu siupendi.

Machi 8
Mvua. Wageni bado wapo. Nimeosha vyombo mpaka vidole vimekunjamana.

Machi 12
Wageni wa mwisho wameondoka na mume wangu amefungua lango la maji. Gurudumu likaanza, na hapo hapo tukajua kuna kasoro.

Niandike lilivyo, maana jambo likiniudhi huwa naliandika vibaya. Ni la mbao, refu kuliko nyumba. Maji yanakuja juu kwa mfereji, yanaangukia visanduku vilivyopangwa kwenye ukingo. Kisanduku kikijaa kinakuwa kizito kinashuka, cha nyuma yake kinachukua zamu, na kule chini shimoni vinamwaga na kupanda vikiwa vitupu. Hayo tu. Ekseli, ule mhimili wa katikati, inazunguka, mawe yanazunguka, watu wanapata unga. Lilikuwa na mwendo wa mtu asiye na haraka. Leo linachechemea. Upande mmoja unashuka mbio, halafu upande wa pili unajivuta kupanda mpaka unadhani litarudi nyuma. Mawe nayo yakafuata mwendo huo huo. Unga ukatoka vumbi, ukatoka chenga, ukatoka vumbi tena. Mwoka mikate, mteja wetu wa kila siku, alichota kiganjani akautazama, akasema, "Poleni na msiba, lakini huu mimi sichukui."

Mama mkwe akaja mlangoni. "Siku zote hizi nani alikuwa akiligeuza?"

Mzee alikuwa na desturi yake. Kinu kikisimama zaidi ya siku moja, kila asubuhi alishuka akalisukuma gurudumu kwa mikono, nusu mzunguko, ili nusu iliyolala majini ipande ikauke na ile kavu ishuke inywe. Hakuwahi kumwagiza mtu. Msiba ulipotushika, mto umejaa na shimo limefurika, hakuna aliyekumbuka. Aliyekuwa akikumbuka ndiye tuliyekuwa tukimzika. Nusu ya chini imekunywa maji wiki nzima, na ya juu imekaa kavu chini ya paa la banda.

Mume wangu alikaa juu ya gunia. "Nimeliharibu gurudumu la baba," akasema.

Nikamwambia ni maji tu, litakauka.

"Halitasimama tena. Mimi nikiwa hai, halitasimama tena."

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Machi 13
Dawa imepatikana: vyuma. Mume wangu ametoa majembe ya plau yaliyochakaa, akayafunga kwa bolti kwenye ule upande mkavu ili ulingane uzito na upande ulioloa. Spoku alimsaidia, mdomo haukufunga. Kaka mtu alitaka kuyafunga karibu na ekseli, mahali pa kufikika kwa urahisi. Spoku akamwita, akanipa mimi nyundo niishike kifuani, kisha akaniambia ninyooshe mkono. Nyundo ile ile ilitaka kuning'oa bega.

"Umeona, shemeji? Uzito ni ule ule, umbali ndio mchawi. Yafunge ukingoni, kaka. Machache yatatosha."

Yakafungwa ukingoni. Gurudumu likazunguka sawasawa. Mume wangu akacheka, nami nikafurahi kumwona anacheka. Nguo yangu mpya ya kufuta meza imejaa grisi, na namjua aliyeifutia mikono.

Machi 14
Unga mzuri. Mwoka mikate amerudi, anajifanya hakusema neno.

Machi 19
Kulitunza gurudumu lisilosimama ni kazi. Ekseli inalala juu ya magogo mawili ya mti mgumu, moja upande wa kinu, jingine kule ndani, kati ya gurudumu na ukuta wa mawe. Yote mawili yanataka grisi. Enzi za mzee lango lilifungwa, grisi ikapakwa, likafunguliwa. Sasa hapana. Anayepaka anashuka ngazi na kopo lake, anajibanza ukutani, na visanduku vinapita nyuma yake hapo hapo. Mume wangu ana mabega mapana, hapiti. Spoku ni mwembamba.

"Nikila kwako vizuri, shemeji, nitanenepa nitakufa," akaniambia akipanda, maji yanamchuruzika. "Kwa hiyo endelea kupika hivyo hivyo."

Nikamwambia mizaha ya kifo si ya nyumba yenye msiba. Akaomba radhi, akaomba na chai.

Machi 25
Mvua. Mvua. Mvua.

Machi 30
Nilikuwa namwona Spoku mzembe, mtu wa kula na kuondoka. Leo nimemkuta anamkata mama yake kucha za miguu, maana mama hawezi tena kuinama. Wote wawili walikuwa wamenyamaza, wametulia. Nikarudi nyuma wasinione.

Aprili 2
Gurudumu limeanza tena kuchechemea. Nilidhani ni masikio yangu. Nikiwa nachekecha unga nilisikia mwendo ule, mbio, kisha kujivuta, mbio, kisha kujivuta. Ni mdogo bado. Nikamuuliza Spoku, aliyekuwa jikoni anatengeneza gurudumu la baiskeli la mteja, kwa sababu kibanda chake kinavuja.

Alinyofoa donge la unga nililokuwa nimekanda, bila ruhusa, akalibandika kwenye ukingo wa lile gurudumu, akalizungusha. Likaenda, likapunguza, likapanda nusu, likashindwa, likarudi, likayumba huku na huku, likatulia. Donge lilikuwa chini kabisa. Akalizungusha tena. Donge chini.

"Kizito hakifichiki. Uliache lenyewe litulie, litakuonyesha kilipo. Ule upande mkavu, shemeji, umekuwa ukirushiwa maji wiki tatu nzima. Umeshashiba kama mwenzake. Mbao zimelingana. Sasa hivyo vyuma vinafanya nini pale?"

Nikamwambia amwambie kaka yake. Akaenda. Niliwasikia kupitia ukuta.

"Kaka, tufungue vyuma."

"Utavifungua vipi linazunguka?"

"Tulisimamishe. Kidogo tu. Hata tusifungue kitu, tulitazame linatulia wapi."

"Kidogo tu. Na wakati wa msiba tulisema kidogo tu."

"Wakati wa msiba hakuna aliyeligeuza. Leo mimi nitakuwepo."

"Nimesema hapana."

Spoku akarudi kuchukua baiskeli yake. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema. "Asiyesikia la mdogo sijui anavunjika nini."

Aprili 3
Nimejaribu mimi, kwa upole, wakati wa kula. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho. Ndivyo alivyo, na ndiyo sababu niliolewa naye.

"Uliliona lilivyokuwa linaumwa," akasema. "Nini kililiponya? Si vyuma?"

"Dawa inaachwa mtu akipona."

"Na nani amekwambia limepona?"

Ili mtu ajue limepona lazima lisimame, na yeye hataki lisimame kwa sababu anaogopa halijapona. Tumezunguka mezani mara kadhaa kwa njia hiyo hiyo, mpaka chakula kikapoa. Nilikasirika nikaacha vyombo bila kuosha.

Aprili 9
Gogo la ndani linalika. Spoku amenionyesha grisi iliyotoka: ina unga wa mti ndani yake, mwekundu. Kila vyuma vinaposhuka, ekseli inalipiga gogo, na sasa nausikia mpigo wenyewe kitandani, nikiwa nimeegemea ukuta. Bandu bandu huisha gogo, nasi tunaisikia kila bandu. Mume wangu ameagiza grisi ipakwe mara nyingi zaidi. Yaani Spoku ashuke mara nyingi zaidi.

Nikamwambia Spoku akatae. "Nikikataa atashuka yeye," akasema, "na yeye pale hapiti."

Aprili 11
Mama mkwe amesema leo. Huyu mama huwa hazungumzi habari za kinu, tangu mzee yuko hai, lakini leo aliweka kijiko chini.

"Baba yenu alikuwa akilisimamisha kila alipoona haja."

"Baba alijua kulianzisha," mume wangu akajibu.

Nilimtazama. Kila gurudumu lilipojivuta nyuma ya ukuta, aliacha kutafuna mpaka lilipopanda. Siku zote hizi nimekuwa nikimwita mkaidi katika daftari hili na kichwani mwangu, kumbe ni hofu. Anaamini baba yake alimwachia kitu kizima, na kwamba kikisimama mikononi mwake hakitainuka tena. Ukaidi ningepigana nao. Hofu sijui naikamata wapi.

Aprili 12
Mwoka mikate analalamikia chenga.

Aprili 15
Mto umepanda mpaka kwenye mizizi ya ule mti wa ukingoni. Maji ya mfereji yana nguvu isiyo ya kawaida, hata lango likiachwa wazi nusu tu gurudumu linakwenda mbio. Na kila linavyoongeza mbio, pigo linakuwa kubwa, si kwa kiasi kile kile bali zaidi. Vikombe vinacheza rafuni.

Mume wangu alipanga kwenda kesho kununua grisi. Spoku akaninong'oneza, "Akivuka daraja tu, nalifunga. Navifungua vyote. Akirudi anipige, lakini atapiga gurudumu likiwa sawa." Nikamwambia nitamshikia ngazi. Leo nitalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Aprili 16
Daraja halipitiki. Mume wangu hakuenda.

Aprili 17
Naandika ili isije ikabadilika kichwani mwangu.

Ilikuwa asubuhi, mvua kubwa. Kinuni walikuwepo mwoka mikate na mtu wa mkokoteni, wakingoja unga wao. Spoku alichukua kopo, akapita karibu yangu, akashuka. Hakusema mzaha wowote, kwa kuwa mvua ilikuwa ikipiga bati na hakuna ambaye angesikia.

Kukasikika mlio mmoja, kama mti unaopasuliwa. Gogo la ndani limepasuka. Ekseli ikashuka upande ule, gurudumu zima likalalia ukutani, na ukutani ndipo alipokuwa. Sikumsikia akilia. Nilisikia kopo likigonga mawe, nikapiga kelele, "Fungeni!"

Mume wangu alikimbia kwenye lango. Hakusita hata kidogo, na hilo nataka liandikwe. Alilifunga kwa nguvu zake zote na maji ya mfereji yakakatika. Lakini gurudumu halikusimama. Uzito wote ule wa mbao, maji na chuma ulikuwa umeshashika mwendo wake, na kukata maji hakukuuondoa mwendo uliokwisha kuwemo. Nilikuwa juu ya ngazi. Nikaona vyuma vikishuka kule alikokuwa, vikapanda. Vikashuka tena, polepole zaidi, vikapanda. Mara ya mwisho vikafika nusu, vikashindwa, vikarudi, gurudumu likayumba huku na huku likatulia. Vyuma vilikuwa chini kabisa, juu yake.

Alikuwa hai. Kiuno na miguu vilikuwa chini ya ukingo, maji yamemfika kifuani. Mume wangu, mwoka mikate na mtu wa mkokoteni walishuka wakashika visanduku, wakavuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Lilisogea kidogo kisha likarudi pale pale. Wakavuta tena, likarudi tena, na kila liliporudi alitoa sauti ambayo siwezi kuiandika.

Akasema, "Acheni. Mikono haitoshi. Kaka, nenda langoni. Fungua kidogo, visanduku vya juu vipate maji. Likipanda, hawa wanivute."

Mume wangu alipanda. Akashika mpini wa lango. Akabaki ameushika.

"Kaka, fungua."

"Litakumaliza."

"Kaka."

Hakuweza. Mikono ilikuwa kwenye mpini lakini haikwenda popote, na mvua inampiga usoni. Nilishuka shimoni, nikamshika Spoku kwapani, ndipo nikamwona mama mkwe amekuja, kichwa wazi, miguu peku. Aliivua mikono ya mume wangu kwenye mpini, kidole kimoja kimoja, akafungua yeye. Kidogo tu. Maji yakaingia juu, kisanduku cha kwanza, cha pili. Gurudumu likanguruma, likapanda. Tukavuta. Mama akafunga.

Tulimlaza juu ya magunia. Mama akamwekea kichwa pajani. Daktari yuko ng'ambo ya daraja. Mtu wa mkokoteni alitaka kujaribu kuvuka kwa miguu, akarudi ameloa mpaka kidevuni, analia. Mume wangu alikuwa bado kule langoni, hakuna aliyemwita.

Spoku akanifanyia ishara nisogee.

"Vyuma vilitulia wapi?"

"Chini."

Akafumba macho kidogo. "Basi." Halafu akasema, "Kaka asiambiwe."

Nikamwahidi. Alifariki kabla mvua haijakatika.

Aprili 19
Tumemzika. Ukimya tena nyuma ya ukuta. Watu wanaulizana chini kwa chini kinu kitaanza lini, na mimi siwalaumu, unga wanautaka. Mume wangu anashuka kila asubuhi shimoni. Sikuenda kuangalia anafanya nini. Nimechoka naye, na namwonea huruma, na yote mawili yananikaa kifuani kwa wakati mmoja.

Aprili 22
Mama hali chakula.

Aprili 23
Mama amekula uji, nusu kikombe. Mwoka mikate ameleta mikate, hakutaka chochote, akakaa nje kwenye ngazi kidogo kisha akaondoka.

Aprili 28
Mvua imepungua. Leo nilimfuata.

Amebadilisha gogo peke yake. Amekata mti mpya, akauchonga, akainua ekseli kwa mtaimbo na mawe, sijui aliwezaje. Na alikuwa ameshavifungua vyuma vyote. Vilikuwa vimelala chini ukutani, vimepangwa. Akaniona, hakushangaa. Akalisukuma gurudumu kwa mkono mmoja, likaenda taratibu, likatulia. Akalisukuma tena, likatulia mahali pengine. Akalisukuma tena na tena, na kila mara lilitulia popote, halichagui upande.

Akaniuliza, "Lilipona lini?"

"Sijui," nikasema.

Akanigeukia. Kulikuwa na uso wa mdogo wake ndani ya uso wake, jambo ambalo sikuwahi kuliona wakiwa hai wote wawili.

"Alikwambia usiniambie."

Nikavitazama vile vyuma. Akageuka ili nisimwone, akaegemeza paji la uso kwenye ukingo wa gurudumu. Nalo, kwa kuwa sasa lilikuwa sawa na halina uzito wa kulizuia, likamkimbia. Akajaribu tena, likasogea tena. Nikapita upande wa pili, nikalishika kwa mikono yote miwili, nikalikaza, ndipo akapata pa kulilia.